Siku ya Kukandika Mlango

Wewe unayetaka kujua ilikuwa saa ngapi, nakuonea huruma. Mimi ninayesimulia sijui, na mtu ambaye tungemwuliza ndiye huyo aliyeondolewa. Wakubwa wa mji walisema ni asubuhi. Ukisema ni asubuhi hukosei, yaani hakuna atakayekukosoa. Watu walilala wakaamka, watoto wakaota meno, yakang'oka, wakaota mengine, wajane wakaolewa tena na wakafiwa tena, na asubuhi ilikuwa ile ile, jua limeegemea upande wa mashariki, halipandi wala halishuki. Au labda lilipanda na kushuka, na macho ya watu ndiyo yaliyokatazwa kuliona. Neno jana walikuwa nalo bado, walilitumia bila kufikiri, lakini hakuna aliyeweza kukuonyesha jana yenyewe iko wapi. Kesho nayo walikuwa nayo, wameitunza kama nguo ya sikukuu ambayo mwenyewe ameshanenepa.

Chanzo chake ni kifupi, nami nitakisema mara moja ili tusisumbuane mbele. Zamani hizo baraza la mji liliapa kwamba litaongoza mpaka saa sita tu, kisha litawaachia wengine viti. Watu walipiga makofi. Kulikuwa na mpiga saa, mwanamume mtulivu jina lake Shaweji, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa chini ya kipande cha reli kilichoning'inizwa mbele ya baraza na kukigonga kwa nyundo kila saa inapotimia. Ilipofika saa sita, Shaweji aligonga mara sita. Wakubwa walitoka wakamwambia, kwa upole kabisa, kwamba amekosea, bado ni asubuhi. Shaweji alitazama kivuli chake, akakiona kimejikunja chini ya nyayo, akagonga tena mara sita. Basi. Hakuna aliyemwona akipelekwa popote. Muda mfupi baadaye Karani Mwinyimvua, mwandishi wa baraza, alipita nyumba hadi nyumba na kitabu chake kikubwa akiuliza swali moja: nani anamjua Shaweji? Kila alikobisha hodi alijibiwa kwamba hajulikani, naye akaandika hivyo.

Mji ule ulikuwa na desturi moja, kongwe kuliko hilo baraza. Mtu asipotajwa hadharani kwa muda wa mvua saba, mlango wa nyumba yake hukandikwa kwa udongo mpaka ukuta uwe mmoja, na baada ya hapo ni kana kwamba hakuzaliwa. Mama yake mzazi akikutana na nguo zake hudhani ni matambara. Lakini akitokea mtu akasimama mbele ya mlango huo kabla ya donge la mwisho, akasoma kwa sauti maneno aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe juu ya mwenye nyumba, mlango hauzibwi. Wazee wa kale walitaka maandishi kwa sababu neno la mdomo mtu huweza kulikana, ila mwandiko wake ataukana vipi. Desturi hiyo ilijulikana na kila mtu. Kwa muda mrefu sana hakuna aliyeitumia.

Sasa mvua ya saba ilikuwa imekatika, na mtaani kote kulikuwa na habari kwamba Fundi Ngwali ameanza kukanyaga udongo.

Habari hiyo ilimkuta Sihaba jikoni. Huyu Sihaba alikuwa dada yake Shaweji, mwanamke wa makamo, mpika vitumbua, na nataka umwelewe vizuri kabla hujampenda. Katika mji ambao asubuhi haipiti, mpika vitumbua ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote. Wapika wali walifunga majiko yao mmoja baada ya mwingine. Nani ale wali asubuhi? Yeye kikaango chake hakikupoa. Alinenepa, akanunua sufuria mpya, wateja wakampenda, na kila mteja aliyeuma kitumbua akifumba macho kwa raha alikuwa, bila kujua, anamkumbusha ndugu yake.

Na kuna jambo lingine. Karani Mwinyimvua alipofika mlangoni kwake siku ile na kuuliza kama anamjua Shaweji, Sihaba alikuwa amechuchumaa anageuza vitumbua. Hakuinua uso. Alisema, "Simjui." Kisha akauliza kama Karani atapenda viwili vya moto. Karani alikula vinne.

Tangu hapo alikuwa akiandika. Alianza kwa mstari mmoja nyuma ya karatasi ya kufungia iliki, akaogopa, akauchoma. Akaandika tena. Mwishoni akapata daftari la mistari na kulificha ndani ya debe la mchele, na kila alipochota mchele wa kuloweka alichota na sentensi mbili tatu. Hakumwonyesha mtu. Maandishi ya namna hiyo yana tabia ya kumla mwenyewe, maana kadiri unavyoyaficha ndivyo yanavyokujua. Kuna wakati alihisi kwamba yeye ndiye aliyeandikwa mle ndani na kwamba mwanamke aliyekuwa akigeuza vitumbua nje alikuwa nakala iliyokosewa. Alikuwa ameanza pia kusahau. Sauti ya Shaweji ilikuwa imekwenda, nyusi zake zimekwenda, na palipokuwa na uso wake pamebaki weupe. Vilivyobaki vyote vilikuwa katika daftari, na alijua kwamba donge la mwisho likishapigwa, atalifungua na kuona kurasa za hadithi ya mtu asiyemhusu.

Kwa hiyo alilitoa daftari, akalipangusa unga wa mchele, akapiga moyo konde akasimama aende. Moyo ulikubali. Magoti yakakataa.

Akaenda kwa jirani yake, Bi Arafa, mama mtu mzima aliyekuwa akisuka ukili barazani tangu asubuhi hii ianze.

"Hodi, Bi Arafa."

"Karibu, mwanangu. Habari za asubuhi?"

"Nzuri. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umepauka hivyo, unaumwa?"

"Siumwi. Nimekuja na haja. Kuna maneno nimeyaandika, yangu mwenyewe, nataka kuyasoma mbele za watu. Ninaogopa. Niombee."

Bi Arafa aliutazama ukili wake. Hakuuliza ni maneno gani. Katika mji ule kuuliza kulikuwa kumeacha kuwa adabu. "Unaogopaje?" alisema.

"Nikisimama magoti yanakuwa si yangu. Nahisi nimeazima miguu ya mtu, na mwenyewe yuko njiani anakuja kuidai."

"Nitakuombea," akasema Bi Arafa, na akausogeza ukili chini ya unyayo aanze mshono mwingine.

Hapa lazima nikueleze, maana wewe labda unatoka mahali ambapo mtu hujiombea mwenyewe. Katika mji ule kujiombea kulikuwa ulafi. Ilionekana sawasawa na kujipakulia chunguni wakati wageni wamekaa. Haja yako humpa mwenzako akuombee, na yake humwombea wewe, na mwombaji hataji jina la mtu ili asimwaibishe. Ni desturi nzuri, siikebehi. Ila watu wana shughuli. Bi Arafa alikuwa na ukili mikononi, basi alipopita mama mmoja akielekea kisimani akamwambia, niombee kuna mwanamke anaogopa kusoma maneno yake, magoti yanamkana. Mama huyo alikuwa na ndoo kichwani, akamwachia mwingine. Hivyo dua za mji zilikuwa zikizunguka kutoka mdomo hadi mdomo, kila mtu amebeba haja za wengine, wote wakitembea na nyuso za watu wanaoombewa. Sijui ni ngapi zilizowahi kufika juu. Tuiache hiyo ya Sihaba izunguke, sisi tumfuate yeye.

Alishika njia ya nyumba ya Shaweji, daftari ndani ya kanga, akisubiri kuhisi anaombewa. Ushujaa ungemwingia wapi? Kifuani? Miguuni? Aliukagua mwili wake hatua kwa hatua kama mtu anayetafuta upele. Badala ya ushujaa akamkuta muuza vikombe, ambaye alimpungia mkono akiwa bado mbali.

"Hongera, dada. Jana ulisoma vizuri sana."

Sihaba alisimama. "Nilisoma?"

"Mwenyewe hujui? Ulituliza watu kabisa."

Akaenda mbele. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo akamshika mkono: umetupa moyo, dada, sauti yako tulivu. Mzee mmoja akamwinulia kofia. Pale kwenye kona watatu walimpisha njia kwa heshima.

Nilisoma.
Huenda nilisoma. Jana ni kubwa, ina nafasi.
Ningesoma ningekumbuka. Lakini mbona siikumbuki sauti ya kaka yangu, na alisema maisha yake yote.
Kama nilisoma, mlango umebaki. Kama mlango umebaki, udongo wa nini.
Kama sikusoma, hawa wananipongeza nini.
Labda aliyesoma ni yule wa kwenye daftari. Labda amenitangulia. Labda mimi ndiye ninayechelewa kufika katika maisha yangu, na kila ninapofika nakuta vyombo vimeshaoshwa.

Chini ya kipande cha reli, ambacho sasa walianikia taulo, Karani Mwinyimvua alikuwa amekaa mezani na kitabu chake. Alikuwa mtu wa sauti laini. Sijawahi kusikia kwamba alimfokea mtu.

"Karibu, Bi Sihaba. Nimekusikia unaulizauliza."

"Nataka kujua kama nimesoma, Bwana Karani."

Karani alifungua kitabu, akaupitisha ukucha juu ya mistari, akakigeuza kitabu ili na yeye aone. Iliandikwa kwa wino mzuri: Sihaba, mpika vitumbua, amesoma. Watu wamesikia. Wameridhika.

"Unaona? Limekwisha hilo. Nenda kapumzike."

Nisikufiche: Sihaba alifurahi. Raha ilimpanda kuanzia tumboni, magoti yakawa yake palepale, na aliweza kulihesabu kila jiwe la uwanja. Jambo ambalo liliukausha usingizi wake lilikuwa limefanyika, na hakulazimika kuwepo. Ushujaa gani mwingine mtu atauomba zaidi ya huo? Na hapo ndipo mimi huwa najiuliza kuhusu wenye nguvu. Tunadhani wanatuogopesha kwa fimbo. Fimbo ni ya wachache wanaokataa. Sisi tuliobaki hutupatia utulivu, hutuandikia kwamba tumeshasema tulichokuwa hatujasema, na tunarudi nyumbani tukiwa tumechoka kwa kazi ambayo hatukuifanya. Sihaba alishukuru. Alianza kuondoka. Alikuwa ameshapiga hatua nne au tano alipojisikia anauliza, bila kugeuka vizuri:

"Nilimtaja nani?"

"Nini?"

"Nilipokuwa nikisoma, Bwana Karani. Nilimtaja nani?"

Karani alikitazama kitabu chake, akafunua kurasa mbili, akazirudisha. "Hilo halikuhitaji kuandikwa," alisema.

Muuza vikombe alikuwa amefuata nyuma, kama watu wanavyofuata. Sihaba akamgeukia. "Kaka yangu, wewe ulinisikia. Nilimtaja nani?"

"Ulisoma kwa sauti nzuri," akasema muuza vikombe. Alifikiri. Kitu fulani kilimpita usoni, akakiachia. "Nzuri sana."

Basi Sihaba akajua kwamba hajasoma. Angekuwa amesoma lingebaki jina. Na kujua huko hakukumsaidia kitu, maana magoti yalimtoka tena, na sasa alikuwa na hofu mbili, ile ya kusimama mbele za watu, na nyingine mpya ya kwamba anaweza kwenda nyumbani na asilaumiwe na yeyote mpaka afe.

Sijui alifikaje nyumbani kwa Shaweji. Huenda alipita njia ya kisimani, huenda nyumba ndiyo iliyomfuata. Alimkuta Fundi Ngwali ametoa ubao wa mlango na miimo yake, ameshapachika fito, na amekandika kuanzia chini mpaka juu. Lilibaki tundu moja karibu na paa, la ukubwa wa kichwa cha mtu. Ndani kulikuwa giza. Udongo ulikuwa mbichi, unameta, na harufu yake ilikuwa ya mvua. Fundi alikuwa amechuchumaa kando ya shimo la udongo akiviringisha donge, bila haraka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akikandika.

Sihaba akakaa juu ya jiwe. Alitaka kufungua daftari, akaishia kulikalia.

"Dada," akasema Fundi Ngwali, "umekaa bure?"

"Nimekaa tu."

"Basi nisaidie. Kuna mtu kaniachia dua, nami nilimwahidi nitaiomba kabla sijamaliza kazi, na mikono yangu ndiyo hii." Akaiinua. Ilikuwa udongo mpaka viwikoni. "Sitaki kumwinulia Mola uchafu. Niombee wewe."

"Ya nani?"

"Jina sikupewa. Ni mwanamke. Ana maneno yake ameyaandika, anataka kuyasoma mbele za watu, anaogopa. Wanasema akisimama magoti yanamkana."

"Maskini," akasema Sihaba, na alisema kwa dhati. Alimwonea mtu huyo huruma mpaka kifua kikamjaa. "Nani anamzuia?"

"Sijui, dada. Sijaambiwa."

Utaniuliza alikosaje kujitambua. Nami nakuuliza, wewe ungejitambua? Maneno yake yalikuwa yamepita vinywa vya watu wengi na yamerudi yamechujwa. Tena hakuwahi hata mara moja kusikia habari zake zikisemwa kwa huruma. Ndani ya kichwa chake zilisemwa kwa sauti nyingine kabisa.

Akainua viganja.

"Ewe Mola," alisema. "Kuna mwanamke. Mimi simjui, wewe unamjua. Ana maneno yake na anaogopa, na amewaambia watu wamwombee, na sijui kama wamemwombea, maana watu tuko hivi tulivyo. Mimi namwombea. Usimpe ushujaa mwingi, ataringa. Mpe wa kumfikisha mstari wa kwanza tu. Akifika hapo mpe wa mstari wa pili. Asipewe wote kwa pamoja, ataumwaga. Magoti yakitetemeka yaache yatetemeke, mradi yasimwangushe. Na kama kuna ubaya alioufanya, Mola, wewe uliuona. Uliona jinsi alivyokuwa amechuchumaa, mafuta ya moto mbele yake, na mtu mlangoni na kitabu. Alisema hamjui kwa sababu aliogopa, na hakuinua uso kwa sababu angeinua uso angemwona..."

Viganja vilibaki hewani.

Mafuta. Nani aliyemwambia habari za mafuta?

Fundi Ngwali hakuwa ametaja mafuta, wala mlango, wala kitabu. Sihaba aliitazama mikono yake mwenyewe iliyonyooshwa mbele yake, alama za kuungua kwenye vidole, unga kidogo wa mchele chini ya kucha, na akamtambua mwanamke yule. Alishikwa na aibu iliyomwasha masikio. Alikuwa amejipakulia. Amekaa hadharani, mtu mzima na akili zake, akajipakulia chunguni na kujaza sahani. Alimtupia jicho Fundi kuona kama amegundua. Angeweza kuirudisha dua ile? Inarudishwaje? Ilikuwa imeshatoka, na aliiomba kwa moyo mweupe, na kila neno alikuwa bado analitaka. Alihisi machozi na hakujua ni ya nani, ya aliyeomba au ya aliyeombewa. Hatimaye akasema alichobakiza.

"Mpe," alisema. "Nakuomba mpe."

"Amina," akasema Fundi Ngwali, akainuka na donge lake.

Sihaba akainuka pia. Nataka kusema magoti yake yalipona, ingependeza, lakini hayakupona. Yalikuwa bado ya mtu mwingine na yalikuwa yakitetemeka vilevile. Alisimama juu ya hayo hayo.

"Subiri, Fundi," alisema. "Nina maneno."

Watu walikuwa wameanza kukusanyika, maana donge la mwisho huwa na watazamaji. Bi Arafa alikuwepo na ukili wake, muuza vikombe alikuwepo, na Karani Mwinyimvua alikuja bila haraka, kitabu kwapani, akasimama mbele yao wote.

"Bi Sihaba," akasema kwa sauti yake ile laini, "wewe umeshasoma."

"Basi nitasoma tena, Bwana Karani."

"Hakuna desturi ya kusoma mara mbili."

"Hakuna inayokataza."

Karani alifikiri, na kwa kweli hakuna. Alikuwa mtu wa vitabu. Jambo lisilokatazwa kitabuni lilimkwamisha. Katika kukwama kwake Sihaba alifungua daftari. Herufi zilikuwa zikiogelea. Alitafuta mstari wa kwanza, akaupata, na aliposikia sauti inayosoma alishangaa ni nyembamba kiasi gani.

"Naitwa Sihaba. Shaweji mpiga saa ni kaka yangu, tumbo moja."

Mtu fulani nyuma alivuta pumzi. Mstari wa pili ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza.

"Alikuwa akikohoa kidogo kabla ya kugonga, kama anayebisha hodi. Alipenda kitumbua kilichoungua upande mmoja, akisema vile vizuri wapewe wateja. Alikuwa akivaa ndala za rangi mbili kwa sababu kila jozi ilimkatikia mguu mmoja. Siku alipoondolewa niliulizwa kama namjua. Nilisema simjui. Sikupigwa. Sikutishwa. Nilikuwa na bakuli la rojo limeshaumuka, nikaogopa litaharibika. Nimetafuta sababu kubwa kuliko hiyo, nimeitafuta mpaka nimechoka, nayo haipo. Tangu hapo nimekula vizuri. Nimeishi kwa asubuhi hii kuliko mtu yeyote hapa, na ninaandika haya kwa mkono uleule unaowapikia. Kaka yangu aligonga mara sita kwa sababu ilikuwa saa sita. Nilikuwa nje. Jua lilikuwa utosini, nililiona. Hakukosea."

Akafunga daftari. Yaliyobaki yalikuwa maneno ya kujisikitikia, na aliona hayana haja.

Hakuna kilichotokea. Jua halikusogea, au lilisogea na hakuna aliyetazama juu. Watu walisimama na nyuso za watu walioamshwa katikati ya safari. Karani alifungua kitabu chake na kalamu, akabaki ameinamia ukurasa bila kuandika. Sihaba alingoja washike mikono yake wampeleke alikopelekwa Shaweji. Alikuwa tayari, au magoti ndiyo yaliyokuwa tayari, hakuweza kutofautisha.

Fundi Ngwali alilirudisha donge shimoni. Akanawa mikono katika ndoo, kidole kimoja kimoja, akachukua panga lake la kukatia udongo, akausogelea ukuta mbichi na kusimama.

"Nikate mlango," alisema. "Sawa. Lakini desturi inataka ukatwe kwa kimo cha mwenyewe. Kimo chake, dada?"

Sihaba akafungua mdomo. Alikuwa ameandika kikohozi, ameandika ndala, ameandika hata alivyokuwa akipiga chafya mara tatu akila pilipili. Kimo hakuwahi kukiandika. Nani huandika kimo cha ndugu yake? Alikitafuta kichwani akakuta ule weupe. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, ubaridi wa udongo ukapenya nguo, akainua mkono juu ya kichwa chake na kuubandika mahali, kwa kubahatisha.

"Hapa," alisema, akijua anabahatisha.

Panga liliinuka.

"Si hapo," akasema Bi Arafa. Ukili ulikuwa umemwanguka miguuni na hakuuokota. "Pandisha mkono, mwanangu. Alikuwa mrefu kuliko hapo."

Bi Arafa mwenyewe alionekana hajui maneno hayo yametoka wapi.

"Zaidi," akasema muuza vikombe, taratibu, amekunja uso kama mtu anayesoma maandishi yaliyofutika. "Alikuwa akinizidi kichwa kizima. Nami si mfupi."

"Wewe ni mfupi," mtu mwingine akamwambia. "Lakini kweli alikuzidi."

"Alikuwa akilikung'uta vumbi lile paa la msikiti bila ngazi."

"Hilo unaongeza."

"Siongezi, nilimwona."

Walikuwa wakibishana, wote kwa pamoja, wanakatizana, wengine wanalia na hawaachi kubishana. Sihaba alipandisha mkono. Karani Mwinyimvua alikuwa amefunga kitabu. Alisema bila kumtazama mtu, na ilibidi wanyamaze ili wamsikie.

"Kuingia chumbani kwangu alikuwa akiinama."

Sihaba alisimama kwa ncha za vidole vya miguu. Udongo mbichi ulimchuruzika kutoka kiganjani mpaka kwapani, bega likamuuma, na alinyoosha tena.

"Hapa?" aliuliza.

"Bado," wakamwambia. "Pandisha."